Kaburi Lisilo na Mtani

Sehemu ya Tisa

"Fungua! Mimi Ngollo, uliyeniua ukurasa wa mia na arobaini!"

Hapo ndipo tulipomwacha Justus Lugembe wiki iliyopita, msomaji wangu. Mkono mmoja upo kwenye komeo la mlango, mkono wa pili umeshika kamba ya katani yenye mafundo, na miguu yote miwili imekataa kusogea.

Usimcheke haraka. Hata wewe ungesita. Ngollo hakuwa mtu wa kubisha hodi. Ngollo alikuwa kirangozi wa msafara ndani ya kitabu, yule anayetangulia na bendera na ngoma, na Justus mwenyewe ndiye aliyemtunga. Alimlea kurasa mia na thelathini na tisa. Halafu akampa nyoka.

"Mama Flavia," aliita kwa sauti ndogo. "Umesikia?"

"Nimesikia," mkewe Imakulata alijibu kutoka jikoni. "Mwambie marehemu afute miguu."

Justus akafungua.

Nje alisimama mtu mrefu kama nguzo ya simu. Shuka jekundu begani, manyoya ya jogoo kichwani, sufuria imefungwa tumboni kwa mkanda. Alichechemea hatua tatu kwa mguu wa kushoto, kama Ngollo. Akaipiga sufuria mara mbili, akanyamaza, akapiga mara moja, sawasawa na ilivyoandikwa ukurasa wa sita. Kisha akajibwaga kizingitini, akaanza kukoroma kama mtu anayekata roho.

Majirani wa Ipuli walikuwa wamekwisha jaa uani. Nao wana kazi zao asubuhi ya Jumamosi, lakini maiti anayetembea haonekani kila wiki.

Imakulata akatokeza na mwiko wenye ugali. Akamkagua maiti kuanzia manyoya mpaka chini, akasimama kwenye viatu.

"Buti za reli," alisema. "Tangu lini mpagazi wa zamani akavaa buti za reli?"

Maiti akafungua jicho moja.

"Tunazikwa nazo siku hizi, dada. Kule chini kuna mawe."

"Wewe nani?"

Yule mtu akainuka, akajikung'uta vumbi, akainamisha kichwa kwa heshima kubwa mno.

"Naitwa Pazi. Mpishi wa behewa la chakula katika gari la moshi la bara. Mzaramo wa Kisarawe, mtani wenu, na bwana wa watumwa wote Wanyamwezi, akiwamo huyu anayetetemeka na kamba."

Uani kukalipuka kicheko. Justus naye akapumua, maana Mnyamwezi akishajua kwamba aliye mbele yake ni mtani, hofu haina kazi tena.

"Karibu, mtumwa wangu," alijibu, kwa kuwa adabu ni adabu. "Mbona umechelewa? Ulikuwa unangoja nazi idondoke yenyewe?"

"Nimechelewa miezi tisa," alisema Pazi. "Sikupewa habari. Nimekuja msibani."

Safari hii hakucheka.

Wasomaji wawili wa Nzega wameniandikia kwamba wameanza kufuatana nasi juzi tu, na si haki niwaache njiani. Nitasema upesi.

Justus ni karani wa mizigo katika stesheni ya Tabora. Kutunga vitabu hakufundishwa na mtu. Babu yake alikuwa mpagazi, alikwenda pwani na kurudi mara nane, na kila jioni msafara ulipotua alifunga fundo moja kwenye kamba yake ili asipotewe na hesabu ya kambi. Kamba hiyo ndiyo Justus aliyoirithi, na kutoka humo alipata mpango wake: vitabu saba, kila kitabu kipande kimoja cha njia kutoka Unyanyembe mpaka Bagamoyo, na watu walewale wakitembea katika vyote saba. Mnyampara Shilinde, mkuu wa msafara, mwenye hasira za asubuhi. Mwanajuma, mpishi, mwenye siri za watu wote. Na Ngollo, kirangozi mwongo kuliko wote waliowahi kubeba bendera.

Kitabu cha kwanza, *Mzigo wa Kwanza*, kilitoka. Pale Bukene watu walikisomeana stesheni kwa sauti, gari likapiga filimbi na abiria wakakataa kupanda mpaka sura iishe.

Sasa kosa. Daftari la Justus lilikuwa limebakiza kurasa nne, naye alitaka mwisho wa kuliza watu. Akamwua Ngollo ukurasa mmoja, akamzika kurasa tatu, akafunga daftari.

Watu walilia kweli. Kisha wakaandika barua. Arobaini na moja zilifika kwenye kiwanda cha chapa karibu na soko, na Mwalimu Eustace, msimamizi wa kiwanda, alizisoma zote kwa miwani yake miwili. Thelathini na tatu ziliuliza swali moja: Ngollo atarudi lini? Nane ziliuliza jingine: ile pembe kubwa ya ndovu iliyobebwa sura ya tisa, mbona sura ya kumi na mbili haimo kwenye mizigo?

Mwalimu Eustace akamwita Justus, akamwambia neno ambalo limemkosesha hamu ya chakula wiki tatu.

"Niletee mpango wa vitabu sita vilivyobaki, na Ngollo awemo katika vyote. Awe hai. Asiwe mzimu. Isiwe ndoto. Wala usiniletee pacha wake. Jumamosi saa sita mchana. Ikipita hapo, karatasi zote naziweka kwenye kalenda za kutawazwa kwa Malkia, na msafara wako utalala hapohapo ulipo."

Na karatasi nyingine, msomaji, ingekuja baada ya mwaka mzima. Mwaka mzima! Nani angemkumbuka Shilinde?

Basi Justus alipanga. Alichukua vikaratasi vyenye uzi, vile vya kufungia mizigo ya reli, akaandika kila mtu na kila jambo kwenye kikaratasi chake, akavifunga kwenye mafundo ya kamba mpya, fundo moja kwa kila kitabu kilichobaki. Shilinde alipata mahali. Mwanajuma alipata mahali. Hata punda alipata mahali. Vikaratasi viwili tu vilibaki vinaning'inia mwisho wa kamba bila fundo: NGOLLO na PEMBE.

Hiyo ndiyo kamba aliyokuwa ameishika mlangoni, na ilikuwa Jumamosi yenyewe, saa tatu na nusu.

Sasa turudi kwa Pazi.

"Mimi ni mtani wa marehemu," alisema, akiigeukia hadhara ya Ipuli. "Kazi ya mtani msibani mnaijua. Nimevaa nguo zake? Nimevaa. Nimetembea mwendo wake? Nimetembea. Nimewachekesha wafiwa?"

"Umetuchekesha!" majirani walijibu.

"Bado nini?"

Mama mmoja mzee, ambaye hakujua anamwumiza nani, akapaza sauti: "Bado kuchukua chako!"

"Asante, bibi."

Na Pazi akainyakua ile kamba mkononi mwa Justus, akaivaa shingoni kama shanga, vikaratasi vyote vikipepea, akatoka uani mbio.

"Kamba yangu!" alilia Justus.

"Ikomboe!" ilijibu sauti kutoka barabarani. "Gari linaondoka saa tano!"

Ungefanya nini? Mwizi ungempigia kelele. Mtani hapigiwi kelele. Anachochukua mtani msibani ni chake mpaka kikombolewe, na anayemkasirikia mtani amejivunjia heshima mbele ya ukoo mzima. Kamba ya kazi ya wiki tatu ilikuwa inakwenda Dar es Salaam shingoni mwa mpishi, na mwenye kamba alipaswa kutabasamu.

Justus alitabasamu. Uso ulimwuma.

"Unasimama?" Imakulata alikwisha jifunga kanga kiunoni. "Vaa viatu!"

"Mama Flavia, ugali…"

"Utajipika."

Justus hakuwa mtu wa kukimbia. Tangu utoto alitembea kwa hatua zilezile, kama anayepima kiwanja. Siku hiyo alikimbia. Alikimbia akiwa amevaa kiatu cha kulia mguu wa kulia na ndara ya mkewe mguu wa kushoto, na Imakulata mbele yake, mwiko juu, akisafisha njia.

"Mnamfukuza nani?" waliuliza wauza karanga.

"Maiti!" alijibu Imakulata.

Walifika stesheni saa nne na dakika ishirini. Gari lilikuwa limetulia, linatoa mvuke. Kwenye dirisha la behewa la chakula alionekana Pazi, manyoya bado kichwani, kamba bado shingoni, anakata vitunguu kana kwamba hakutoka pale tangu alfajiri.

"Mmechelewa," alisema. "Wanyamwezi wa siku hizi hamwezi hata kutembea. Babu zenu walikwenda pwani na pembe begani."

"Na walipofika waliwakuta babu zenu wamelala," alijibu Justus, akitweta. "Mtani, taja unachotaka. Kuku? Nina kuku."

"Kuku wako mwembamba, nimemwona."

"Asali basi. Debe la asali ya Sikonge."

Pazi alisita kidogo, maana asali ya Sikonge si ya kudharauliwa. Kisha akatikisa kichwa, na machozi yakamtoka, ya vitunguu au ya jambo jingine, mimi siwezi kuamua.

"Mfufue Ngollo."

"Siwezi."

"Ndiyo bei yangu."

"Mtani, amezikwa! Nimeandika mazishi yake kurasa tatu."

"Nimezisoma hizo kurasa. Huwa nawasomea wenzangu hapa jikoni tukitoka Dodoma. Nimezisoma mara nne, na kila mara namtafuta mtu mmoja simwoni." Akaelekeza kisu dirishani. "Mtani wake alikuwa nani?"

Justus akaanza kuhesabu watu wa msafara kwa vidole.

"Msafara wa watu mia mbili," aliendelea Pazi, na sasa wachukuzi wa mizigo walikuwa wamesogea kusikiliza. "Wazaramo thelathini mle ndani, umewataja mwenyewe sura ya pili. Kirangozi anakufa! Nani alimkalia maiti? Nani aliruka kaburini akakataa kutoka mpaka apewe kuku? Nani alimwambia, afadhali umekufa, ulikuwa unamaliza pombe yetu? Hakuna! Mmemkunja kwenye mkeka, mmemtia chini huko Mgunda Mkali, hatua arobaini kutoka lile jiwe lenu lenye umbo la kuku, kimya, kama watu wanaoficha mbuzi wa wizi. Hayo si mazishi, mtumwa wangu. Huko ni kufukia."

"Kweli kabisa," alisema mchukuzi mmoja. "Hata mimi nilishangaa."

"Mbona hukuweka watani?" aliuliza Pazi. Aliuliza kwa upole, na upole huo ulichoma kuliko kisu.

Justus hakujua kusema uongo.

"Kurasa ziliniishia," alisema.

Kisha stesheni nzima ikacheka, wachukuzi, abiria wa daraja la tatu, hata dereva wa gari aliyekuwa amening'inia ngazini.

"Jamani!" Pazi alijishika mbavu. "Thelathini sisi, tumenyimwa msiba kwa uhaba wa karatasi!"

Mtu mmoja tu hakucheka. Imakulata alikuwa ameshusha mwiko, na macho yake yalikuwa juu ya vile vikaratasi viwili vilivyoning'inia shingoni mwa Pazi.

"Baba Flavia. Nani alimkunja Ngollo kwenye mkeka?"

"Mwanajuma."

"Nani mwingine alimwona amekufa?"

"Hakuna mwingine. Niliandika kwamba amevimba kwa sumu, Mwanajuma akakataza watu wasimtazame uso." Justus alishusha sauti. "Mimi sipendi kueleza maiti. Nilitaka tupite upesi."

"Nani alilia kuliko wote?"

"Mwanajuma."

"Na pembe ilipotea lini?"

Justus akatazama juu, akihesabu. Huyu ni mtu asiyesema tarehe mpaka aione. Midomo yake ilicheza. Sura ya tisa ipo. Sura ya kumi, Shilinde anaigusa. Sura ya kumi na moja, Ngollo anaumwa na nyoka…

"Siku ileile," alisema taratibu. "Niliisahau siku ileile."

"Wewe uliisahau," alisema Imakulata. "Mimi nyumbani kwangu, vitu viwili vikipotea siku moja, navitafuta mahali pamoja."

Ninyi mliokaa na mtu anapopata wazo mnajua uso unavyokuwa. Wa Justus ulianza kuwaka kwenye masikio.

"Mkeka," alinong'ona.

"Eeh."

"Ndani ya mkeka si Ngollo."

"Eeh!"

"Ni pembe! Urefu wa mtu, uzito wa mtu! Ngollo ameondoka usiku na mwendo wake wa kuchechemea, Mwanajuma anajua, Mwanajuma analia kwa nguvu ili…"

"Na watani?" alidakia Pazi, kisu hewani. "Watani wamewekwa wapi?"

Justus akamgeukia. Ndara ya mkewe ilimtoka mguuni, hakuiona.

"Wamefukuzwa! Wametumwa maji mbali, makusudi kabisa! Kwa sababu mtani angemkalia maiti. Na angekalia nini?"

"Pembe!" walipiga kelele wachukuzi.

"Ningekaa nikajua!" Pazi aliruka jikoni, kichwa kikagonga dari, manyoya yakaingia kwenye mchuzi. "Makalio yangu yangejua! Mama yangu, ndiyo maana! Hawakututupa, walituogopa!"

Filimbi ikapigwa. Saa tano kamili.

"Kamba!" alisema Imakulata.

"Ngoja, usiivue," alisema Justus, akapanda juu ya sanduku la mtu, akaingiza mikono yote miwili dirishani. Hapohapo shingoni mwa mtani wake alikishika kikaratasi cha NGOLLO na kikaratasi cha PEMBE, akavifunga pamoja, uzi mmoja, kwenye fundo la kwanza. Kisha akatoa vikaratasi vitupu mfukoni, akaandika NGOLLO mara tano, kalamu ikirukaruka, akavifunga kwenye mafundo matano yaliyofuata.

Gari likaanza kusogea.

"Unaninyonga!" alisema Pazi kwa furaha.

"Vua basi!"

"Na mimi? Nimekwambia bei moja, sasa naongeza! Nataka Mzaramo kwenye vitabu vyote sita. Mpishi!"

Justus alikuwa anatembea kando ya behewa, kisha anakwenda haraka, kisha anakimbia tena. "Mpishi yupo! Ni Mwanajuma!"

"Basi tugombane jikoni vitabu sita!"

"Kubali!" alipiga kelele Imakulata.

"Nimekubali!"

Kamba ikaruka dirishani, ikajikunja hewani kama nyoka yule aliyeanzisha mambo yote haya, na Imakulata akaidaka kwa mwiko.

"Na asiwe mwizi!" sauti ya Pazi ilizidi kupungua. "Awe mzuri wa sura!"

Kumbe hatujafika.

Kiwanda cha chapa kipo upande wa pili wa mji, na Justus alikuwa na kiatu kimoja. Walipita sokoni, wakapita nyuma ya maduka ya nguo, wakakata njia kwenye uwanja walipokuwa wanaanika tumbaku. Walipofika kwa Mwalimu Eustace, saa ya ukutani ilikuwa inaonyesha saa sita kasoro dakika tano, na kwenye mashine ilikuwa imekwisha tandazwa karatasi ya kwanza ya kalenda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba. Kiatu chako kiko wapi?"

"Kipo njiani, Mwalimu."

Mwalimu Eustace alifundisha shule miaka thelathini, na wanafunzi wake wanasema hawakuwahi kuona meno yake. Aliipokea kamba, akaipitisha vidoleni fundo kwa fundo kama anayesali rozari. Alikuwa anasoma kila kikaratasi. Hakuruka hata cha punda.

"Ngollo yumo katika vyote," alisema.

"Yumo."

"Ni mzimu?"

"Hapana, Mwalimu."

"Anaota mtu?"

"Hapana."

"Pacha?"

"Mama yake alizaa mmoja tu, na alisema yatosha."

Mwalimu akavua miwani ya kwanza, akavaa ya pili. Dakika tatu zimebaki.

"Nilisoma mazishi. Kurasa tatu. Kaburini kuna nani?"

"Hakuna mtu," alisema Justus. "Kuna pembe."

Vidole vya Mwalimu vikasimama kwenye fundo la kwanza, penye vikaratasi viwili vilivyofungwa kwa uzi mmoja. Akavitazama kwa muda. Imakulata, nyuma ya mlango, alikuwa ameuma mwiko.

"Na machozi ya Mwanajuma?"

"Yalikuwa kazini."

"Na watani?" Mwalimu Eustace aliegemea mbele. "Mimi ni Mnyamwezi, Justus. Tangu siku niliposoma kitabu chako nina donge hapa. Sikutaka kukwambia kwa sababu nilidhani ni ujinga wako wa kutojua mila. Mbona hapakuwa na watani?"

Hapa, msomaji, mtu mwingine angejipamba. Angesema alipanga tangu mwanzo.

"Niliwasahau," alisema Justus. "Kurasa zilikwisha. Lakini Mwanajuma hakuwasahau. Yeye aliwafukuza."

Dakika moja. Mabega ya Mwalimu yalianza kutikisika. Justus alidhani anaumwa, akainuka kumshika. Kumbe mzee alikuwa anacheka, na ndiyo, alikuwa na meno, meupe na yote.

"Aliwafukuza!" alisema, akijifuta macho. "Yule mama! Aliwafukuza! Toeni kalenda kwenye mashine!"

Saa ikagonga. Ilipogonga mara ya kumi na mbili, kalamu ya Mwalimu Eustace ilikuwa imemaliza kuandika jina lake chini ya mkataba wa vitabu sita, na Imakulata alikuwa ameingia ndani, amemkumbatia mumewe, mwiko na ugali mkavu wake vikiwa mgongoni mwake.

Ningeweza kuwaacha hapo. Wangefurahi, nami ningekwenda kula.

Lakini mlango ulifunguliwa kwa kishindo, akaingia Silasi, karani wa simu wa stesheni, jasho linamtiririka, telegramu mkononi.

"Justus! Nimekutafuta Ipuli, wanasema umemfukuza maiti. Nimekwenda stesheni, wanasema umemnyonga mpishi. Hii imefika asubuhi. Inatoka Tura, kwa stesheni masta."

"Isome," alisema Justus.

Silasi akasoma:

"WASOMAJI HAPA WAMEKATAA MAZISHI YASIYO NA WATANI. WAMEKWENDA MGUNDA MKALI. JIWE LA KUKU WAMELIONA. WAMEHESABU HATUA AROBAINI KAMA KITABU KINAVYOSEMA WAKACHIMBA. HAKUNA MTU. KUNA KITU KIMEKUNJWA KWENYE MKEKA. HAWATHUBUTU KUFUNGUA. NJOO."

Mashine ya chapa ilikuwa imesimama.

Imakulata ndiye aliyesema kwanza, kwa sauti ambayo mumewe hakuwahi kuisikia.

"Baba Flavia. Lile jiwe ulilitunga."

"Nililitunga," alisema Justus.

"Lenye umbo la kuku anayeatamia. Na hatua arobaini. Ulivitunga."

Justus aliingiza mkono mfukoni, akatoa kamba nyingine, ile ya zamani, nyeusi kwa mikono ya watu. Kidole chake kilipita fundo kwa fundo, kama babu yake alivyokuwa akifanya jioni, akitaja kila kambi kwa jina. Kikafika Mgunda Mkali, kikasimama.

Kila alipofika kwenye fundo hili, babu alisema maneno mawili tu, "jiwe la kuku". Kisha alicheka peke yake, akaruka fundo, akaendelea na lingine. Mara zote. Na Justus, mtoto wa kuuliza kila kitu, hilo hakuwahi kuliuliza.

"Silasi," alisema Mwalimu Eustace, ambaye tayari alikuwa ameshika kofia, "gari la kwenda Tura linaondoka saa ngapi?"